Pikapu Iliyoteremka Kimya

Nawataja kwanza waliokuwepo, ndio usichanganyikiwe. Nyuma ya ukuta wa kanisa, karibu na mtaa wa Olympic, tulikuwa watatu: mimi, mjukuu wangu Kanini wa miaka saba, ambaye baba yake, mwanangu Musyoka, alikuwa amepanga nyumba Gatina kule Kawangware, na Mama Awino, jirani yangu wa Gatwekera, mlango kwa mlango miaka kumi na moja. Ndani ya pikapu walikuwa watatu pia: shemeji yangu Mutiso, mdogo wa marehemu mume wangu, mke wake Mama Mueni, na Mueni, binti yao mdogo.

Juzi mtu wa boda alinibeba, tukafika mteremko akazima injini tuteleze tu, ati anaokoa mafuta. Nikamwambia, "Washa, ama unishukishe." Akacheka: "Shosho, kwani unaogopa?" Siogopi kuanguka. Ni ule ukimya ndio siuwezi.

Mume wangu alikuwa akibeba mboga za sokoni kwa pikapu. Mutiso alipotoka Machakos hakujua hata klachi ni nini, na mume wangu akamfundisha Jumapili baada ya kanisa, mimi nimekaa katikati yao, magoti nimeyapinda ili gia ipate nafasi, sufuria ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, imefungwa leso mapajani, inanichoma. Mteremko ukianza, mume wangu anasema, "Rudisha pili." Mutiso anakanyaga klachi, anarudisha, na injini inanguruma ikiishika gari kama mtu anayeshika mbuzi kwa kamba. Watu kando ya barabara walituchokoza: "Mzee, weka fri, unamaliza mafuta!" Fri, yaani gia imetolewa, gari inajiendea. Naye anawajibu dirishani, "Wewe ukishuka ngazi na mtoto mgongoni, unafunga macho?" Alikuwa na neno lake: mlima ulioupanda na gia ya pili, uteremke na gia ya pili. Mutiso alilishika hilo neno kuliko sisi sote. Mume wangu alipofariki nilimwachia pikapu bila maneno mengi, na watoto wa Gatwekera walikuwa wakijua anarudi kabla hawajamwona, kwa ile ngurumo.

Kisha zikaja zile wiki za baada ya kura. Nyumba zilichomwa, maduka yakafungwa, na sisi Wakamba tukaanza kuulizwa tuko upande gani. Asubuhi moja Mutiso alipakia kitanda changu na vyombo vyangu vyote, tuhamie kwa Musyoka. Akaniambia, "Shemeji, msisimame barabarani watu wawaone. Mkae nyuma ya ukuta wa kanisa. Mkisikia nateremka na pili, tokeni, nitasimama." Niliona ni mpango mzuri. Nani angeijua ngurumo ile kunishinda mimi?

Tukangoja. Kanini alikuwa amevaa nguo mbili mbili, sweta ya shule juu, jasho linamtoka. Mama Awino, aliyekuja kutusindikiza, alibeba uji kwenye kopo. Injini sikuisikia. Nilisikia kokoto zikisagika chini ya matairi, na nilipochungulia, pikapu ilikuwa inapita mbele yetu, fri, imezimwa, kitanda changu juu. Mutiso alitazama mbele. Mama Mueni aliniona. Aliweka mkono kwenye kichwa cha Mueni, akamgeuza asitazame. Nikaziangalia taa nyekundu za nyuma, zile zinazowaka dereva akigusa breki. Hazikuwaka.

"Nyanya, kwani Babu Mutiso hajatuona?"

Mama Awino ndiye aliyesema, "Mama Musyoka, toka hapo. Hiyo gari imeenda." Akambeba Kanini mgongoni, mtoto mkubwa vile, akamfunika leso mpaka kichwani, tukarudi Gatwekera. Wiki tatu tulilala nyuma ya pazia lake, anamfundisha Kanini kuitikia salamu kwa Kijaluo, mpaka Musyoka alipoweza kuja kutuchukua.

Kitanda changu nilikikuta Gatina. Mutiso alikuwa amekifikisha siku ile ile, akamwambia mwanangu kwamba sisi tumekataa kuondoka. Mimi aliniambia jingine: "Shemeji, mafuta yalikuwa yanaisha, ndio nikaweka fri. Na sikuwaona." Mafuta kweli yalikuwa shida siku hizo. Fri naweza kuikubali. Lakini breki hainywi mafuta.

Sasa pikapu imeshauzwa kama chuma chakavu, na Mama Awino amerudi kwao. Mutiso bado ni shemeji yangu. Kwenye matanga tunakaa benchi moja, ananipitishia kikombe cha chai, nakipokea, nasema asante. Lile jambo la kukaa mahali na kujua kwamba wako anakuja, kwa kusikia tu, hilo sinalo tena.

Mimi sikusoma sana. Nimeandika vile nilivyoweka kichwani, na mahali nimekosea mnisahihishe. Mueni, wewe sasa ni mama wa watu, na ulikuwa humo ndani. Kama injini ilikuwa inawaka na ni masikio yangu yaliyokufa, kama baba yako aliuliza hata mara moja, "Wako wapi?", niambie. Hapo nitafurahi sana kuwa nimekosea.