Mataruma ya Chuma na Mdogo Wangu Maganga

Siku yangu ya kwanza relini nilikabidhiwa sururu nikaambiwa nishindilie kokoto chini ya mataruma. Taruma ndilo hulala chini kubeba reli. Mahali pengine ni la mti, lakini yetu ya Tabora yalikuwa ya chuma, na saa sita mchana yaliunguza kiganja hata ukiyashika kwa gunia. Wanaume wawili walibeba moja. Hizo zilikuwa enzi za Mwingereza.

Nyapara wa genge letu alitoka mbali, na kazi yake ilikuwa fimbo na matusi. Vijana wa Kwihara na Ng'ambo, vitongoji vya Tabora, walikuja, wakaonja, wakaondoka. Bwana Mkaguzi wa Njia, Mzungu mrefu mwenye Kiswahili cha kijeshi, akaniuliza, "Watu wa hapa hapana penda kazi ngumu?"

"Bwana, baba yangu alibeba pembe za ndovu kutoka Kwihara hadi pwani. Lakini aliyewaongoza alitangulia na mzigo wake begani. Huyu wetu hata sururu hashiki."

Nilithubutu kusema hivyo maana nilikuwa na shida yangu. Mdogo wangu Maganga alikuwa amekata shauri kwenda kwenye mashamba ya mkonge huko pwani, na Mama alinisihi kila nilipokwenda nyumbani: "Mtafutie kazi hapa hapa, mwanangu. Wanaokwenda huko siwaoni wakirudi."

Mkaguzi akafikiri, akamwondoa yule nyapara, akaturuhusu tuchague wetu. Tukamchagua mzee mmoja wa Ng'ambo, seremala aliyekosa kazi. Kila asubuhi taruma la kwanza alibeba yeye na mmoja wetu, akatuanzishia na wimbo. Maganga akaja. Ujira ulikuwa uleule wa kudhalilisha na jua lilelile, lakini genge likajaa wenyeji. Jioni Maganga aliniambia, "Kaka, mgongo umekwisha, ila kesho nipo." Nilifurahi sana.

Kisha Mkaguzi akahamishwa. Aliyempokea alimkuta nyapara wetu ameinama na taruma begani, akakasirika. "Nyapara ni wa kusimamia. Akibeba, nani ataangalia hawa?" Mzee akapewa fimbo, akakataa kuishika, akafukuzwa. Siku hiyohiyo nusu ya genge wakaweka sururu chini, Maganga akiwa mmoja wao. Nilimfuata hadi stesheni kumbembeleza.

"Kupigwa hapa na kupigwa kule yote ni kupigwa, kaka," akasema. "Kule angalau hawanijui."

Akapanda gari la moshi.

Mkaguzi mpya akaleta watu kutoka Urundi, wenye njaa kutuzidi, akawa anawaambia wenzake kwamba wenyeji wa Tabora ni wavivu. Mimi nilibaki, nilikuwa na watoto. Nilihamishiwa Urambo, kisha Malagarasi, kisha nikarudishwa, na kila mkubwa mpya aliniuliza swali lilelile.

Sasa nimestaafu na magoti hayakunjiki. Vijana huniuliza kama ni kweli wazee wao waliikimbia kazi. Nawajibu kwamba walikimbia, halafu nawaeleza walikimbia nini. Maganga hakurudi, wala salamu zake hazikufika. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na mara ya mwisho aliponitambua aliniuliza kama relini bado wanatafuta watu.

Nikamwambia wanatafuta.