Michembe ya Mgeni

Leo jikoni pa shule wanachemsha michembe, viazi vikavu vile vya kwetu, na harufu yake imenipandisha hasira hata kabla sijaonja.

Mwaka ule nzige walikuwa wamekwisha kula mtama wetu. Tulikuwa watoto watano, na tangu asubuhi tulikizunguka chungu cha michembe kama vifaranga. Ilipoiva tu akatokea mgeni, mzee mwenye tumbo lake, akaketi na baba shikome, kwenye moto wa uani wanapokula wanaume. Mama akapakua yote, hata iliyoganda chini, akanikabidhi bakuli nipeleke.

“Na sisi je?”

“Nyamaza. Mgeni atasikia.”

Nikapiga goti mbele ya mgeni, kitindamimba wetu akilia mgongoni mwangu. “Shikamoo babu. Kula tu, usituonee huruma. Sisi leo tunakula harufu.”

Mgeni akaacha kutafuna, akalisukuma bakuli kwangu. Baba akalirudisha. “Usimsikilize huyu, ana utani sana. Watoto walishakula, wakasaza!” Akacheka, wakala wawili hao mpaka bakuli likang'aa.

Mama akanivuta nyuma ya ghala, ufito mkononi. “Unamwaibisha baba yako!” Akaanza kunichapa, nami nikajikaza nisilie. Mara tumbo lake likanguruma, tena kwa sauti, naye akabaki ameinua ufito juu.

“Nyamaza, mama,” nikamwambia. “Mgeni atasikia.”

Akaniongeza fimbo mbili, zilizomstahili baba.