Shangazi na Kigari cha Jeshi

Shangazi yangu fundi hafungui boneti kabla ya kuamkia. "Shikamoo, mzee," hukiambia kigari cha zamani cha jeshi kilichomzidi umri, huku akikipapasa kwa kiganja chenye grisi kana kwamba kuna mtu amelala ndani. Kila nati anayoifungua huipuliza, hata ikiwa safi. Tukimcheka hutugeukia na bisibisi mkononi: "Heshima inawagharimu nini nyie?"

Wiki sita kigari hakikuitikia. Leo mwenye kigari kachoka, kaja na mnunuzi wa vyuma chakavu aliyebeba mnyororo wa kukivutia begani. "Nipeni dakika tano!" Shangazi akafungua kabureta, akaipuliza hadi mashavu yakamvimba, akaifunga. Akachomeka hendeli ya kuwashia injini chini ya bampa, akaamkia tena, akazungusha. Kimya. Akazungusha kwa nguvu zake zote, kilemba kikamdondoka, na hapo kigari kikakohoa, kikapiga chafya ya moshi, kikanguruma mpaka mabati ya gereji yakatetemeka!

"Marahaba hiyo!" Shangazi akaruka kama mtoto. "Mmeisikia?"

Mnunuzi akaushusha mnyororo taratibu, akavua kofia, akakisogelea kigari.

"Shikamoo," akasema.