Namba Aliyoikataa Agnella

Mashine za maabara hazijawahi kumtisha Agnella. Miaka ishirini na mitatu amepima homoni katika kituo kimoja cha afya mjini Ifakara, na mazoea yake yanajulikana: namba ikimtia shaka, anavua glavu, anatoka nje ya maabara na kumtazama mwenye damu usoni. Wenzake humwita mbishi. Naam, ni mbishi, na heri yake.

Asubuhi moja, msimu wa kuvuna mpunga, alitoka akamkuta Luciana, mkulima kutoka Mchombe. Hedhi ilikuwa imekatika kwa miezi mitatu, tumbo lilikuwa kubwa kama la miezi sita, na sasa alikuwa akitapika na kuvuja damu. Kipimo cha mkojo kilisema hana mimba. Mashine ya Agnella nayo ilitoa kiasi kidogo mno cha homoni ya mimba. Ultrasaundi ilikuwa mbovu tangu wiki iliyopita.

“Shikamoo, mama. Vipimo viwili vimekubaliana,” alisema Dokta Evod, kijana mwenye haraka zake. “Huo ni uvimbe tu. Nampa dawa aende nyumbani.”

“Marahaba. Mimi sijakubaliana navyo. Nipe saa moja niizimue damu yake.”

Evod akacheka. “Kiasi chenyewe kidogo, halafu unakizimua tena?”

“Dokta, umewahi kubeba mgonjwa kwa machela? Mbele mtu, nyuma mtu. Kwenye kipimo hiki kila homoni inabebwa na kingamwili mbili namna hiyo hiyo, na mashine inahesabu machela zilizonyanyuka. Sasa wagonjwa wakijaa uwanja mzima, kila mbebaji anamng'ang'ania wa kwake peke yake. Hainyanyuki machela hata moja. Nawe utaandika kwamba kijiji hakina mgonjwa? Nikiizimua, umati unapungua na machela zinanyanyuka.”

Evod akavuta kiti.

Agnella alichukua tone la plazma, yale maji ya manjano yanayobaki juu damu ikishazungushwa, akalizimua mara mia, kisha mara elfu. Namba ilipotoka akazidisha kwa elfu, akaihakiki hesabu: zaidi ya laki nane. Kwa kiwango hicho na tumbo lile, Evod alijua anatazama mimba zabibu, isiyo na mtoto ndani, ambayo ikiachwa humwaga damu ya mwanamke mpaka imuue. Kabla ya saa sita mchana Evod alikuwa ndani ya gari la wagonjwa pamoja na Luciana, kuelekea hospitali kubwa. Huko wakathibitisha, wakamsafisha kizazi, akapona.

Tangu hapo Luciana alirudi kila wiki kupimwa, maana homoni hiyo ikipanda tena huenda mabaki yamegeuka saratani. Ikashuka hadi laki, hadi maelfu, hadi mamia. Kila iliposhuka Agnella alifurahi kana kwamba amevuna yeye. Wiki ya tisa alitoka na karatasi mkononi, meno yote nje.

“Mwanangu, imeisha kabisa! Haionekani tena!”

Luciana aliweka kidole juu ya karatasi.

“Kwa hiyo hata kale kadogo ka mimba yangu hakapo tena, mama?”

Agnella aliikunja ile karatasi, akaitia mfukoni. Akaketi kando yake, akamshika mkono, wakalia wote wawili.