Mafuta ya Maombi na Sindano ya Utafiti

Watu wa mtaa wetu wa Kware wana macho. Nguo zetu tunaanika juu ya ghorofa, kila mpangaji na kamba yake, lakini pande zote mbili za kamba yangu palikuwa wazi hata ungeweza kuanika hema. Hakuna aliyeniambia kitu. Walisogeza tu za kwao. Walidhani nina choa au upele wa kuambukiza, nami sikuwa na nguvu za kugonga mlango kwa mlango nikitoa semina kwamba ugonjwa wangu haumrukii mtu.

Nilikuwa nao tangu shule ya msingi. Magotini, viwikoni, mgongoni, miguuni: mabaka meusi yanayoelekea zambarau, na juu yake magamba meupe yanayopukutika. Kila asubuhi nilikung'uta shuka kama mtu aliyelala juu ya unga. Wauza dawa walinitibu choa, wakanitibu ukurutu, mmoja akanitibu minyoo. Jina lenyewe nililipata nikiwa mtu mzima, kwa daktari wa ngozi katika hospitali moja mjini. Akaniambia ni soriasisi, na kwamba kinga ya mwili wangu imekosea njia: askari waliowekwa kulinda nyumba wamegeuka kuwapiga wenyeji.

"Kumbe kikulacho ki nguoni mwako," nikamwambia.

Alicheka, kisha akanieleza kuwa hapo hapo kuna utafiti wa dawa mpya ya sindano, na nikitaka naweza kuingia.

Nilielezwa kila kitu kabla ya kukubali. Baadhi yetu tungepata dawa na wengine wangedungwa maji yasiyo na dawa, na hata daktari mwenyewe asingejua nani kapata nini hadi mwisho. Ambaye dawa ingemfaa angeendelea kuipata baada ya utafiti kwisha. Sharti kubwa lilikuwa moja, nisipake dawa nyingine yoyote kwenye ngozi. Atakayelivunja anaweza kuondolewa.

Mwanzoni hapakuwa na badiliko lolote, nikaamini kabisa kwamba mimi ni wa maji. Nilinuna. Nilimnunia hata muuguzi aliyenidunga, ambaye alikuwa mtu mpole na hakuwa na kosa. Halafu siku moja nikiwa naoga, mkono ukateleza juu ya goti. Haukukwama popote. Nikapitisha tena, ukateleza tena. Nililia bafuni huku maji yakimwagika, na kwetu Kware maji hayamwagwi ovyo.

Jirani yangu wa mlango wa pili akanisimamisha kwenye ngazi. "Sasa! Umekuwa fiti hivi, unapaka nini? Niambie na mimi."

"Nadungwa sindano."

"Wacha zako," akasema, hakuamini. Lakini wiki hiyo hiyo suruali za mume wake zilikuwa zimesogea karibu na kamba yangu, nikafurahi kama niliyealikwa harusini.

Sasa mama yangu. Mama bado anaishi Kaloleni, katika nyumba ile ya kanso, ya baraza la jiji, tulimolelewa baba alipokuwa karani wa reli. Yumo katika kikundi cha maombi, na kila Jumapili nilipomtembelea aliniombea na kunipaka mafuta ya zeituni yaliyoombewa kanisani. Nilikuwa nimemuuliza muuguzi, akasema mafuta ya zeituni matupu hayana neno. Kwa hiyo Jumapili ile nilipoketi kwake nikapandisha sketi nimwonyeshe magoti, nilitarajia tutafurahi pamoja. Mama akapiga vigelegele. Kisha akainua chupa ya mafuta.

"Ni hii. Nilikuwa naweka na kakrimu kidogo ndani, ile ya tyubu. Mungu anasaidia mwenye kujisaidia."

Damu ikanichemka. Krimu ile niliijua. Ndiyo waliyoikataza kwanza kabisa kliniki, maana ina dawa kali inayotuliza ngozi kwa muda, na ukiiacha ugonjwa unarudi na hasira zake zote.

"Mama, umeniua!"

"Nimekuua na umepona?"

Nilitoka bila kunywa chai, na kwa mama kutoka bila chai ni tusi. Nilijiona nishaondolewa kwenye utafiti. Mbaya zaidi, nilianza kuamini kwamba sindano yangu ilikuwa maji kweli, na kwamba goti langu laini ni la kuazima, litachukuliwa wakati wowote. Kunyamaza kulinijia akilini, siwezi kukataa. Lakini wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na sidhani mficha dawa anafika mbali zaidi. Nikapiga simu kliniki.

Mama aliposikia naenda, akasema hawezi kushtakiwa akiwa hayupo. Akaja na kitambaa chake cha kanisani kichwani, na chupa ndani ya mkoba.

Daktari wa utafiti alikuwa msichana wa umri wa kuwa mdogo wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kukunja uso, akamgeukia mama.

"Mama, mafuta haya ulikuwa unampaka sehemu gani?"

Mama akamtazama kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi. "Kwani mafuta ya maombi inapakwanga wapi? Kwa paji la uso. Na kidogo kwa viganja."

"Magotini je? Mgongoni?"

"Daktari, mimi namwombea mtu, simwogeshi."

Hasira ilikuwa imenijaa hata sikuwahi kujiuliza swali hilo jepesi, mimi niliyepakwa! Daktari akafungua picha walizonipiga siku ya kwanza. Paji langu la uso halikuwa na baka, na viganja navyo havikuwa na kitu. Mahali pote palipokuwa pagonjwa, mafuta ya mama hayakufika hata tone.

Akatoka kwenda kuzungumza na mkubwa wake. Tuliketi, mama akisoma mabango ukutani kwa sauti. Aliporudi alisema watalazimika kuliandika jambo lile, mafuta yale yaishe leo, na mimi niendelee na sindano zangu. Nilishusha pumzi mpaka daktari akacheka. Baadaye sana, utafiti ulipokwisha, niliambiwa kwamba sindano zangu zilikuwa za dawa, lakini mimi nilikuwa nimeshalala usingizi wangu tangu siku ile.

Tulipokuwa kwenye benchi la nje tukisubiri tarehe ya kurudi, nafuu ile ikaingia mchanga. Nilifikiria, ni kweli, hayakufika hata tone. Katika miaka yote ile mama hakuwahi kunigusa mahali penye ugonjwa. Majirani ningewasamehe, lakini yeye? Mdomo wangu haujui kungoja, nikamuuliza.

"Mama, ulikuwa unanionea kinyaa?"

Akavuta mkoba magotini.

"Ulikuwa darasa la tano hivi," akasema. "Nikaona hiyo kitu kwa magoti na viwiko, nikajua ni gaga, ni uchafu wa kucheza. Nikakusugua na jiwe mpaka ikatoka damu. Ulikuwa unalia unasema mama pole pole, na mimi nakuambia usafi haiumi." Akafungua mkoba, akaufunga. "Kumbe ni ugonjwa. Tangu hiyo siku huu mkono uliogopa."

Sikukumbuka hata kidogo. Nilitafuta hilo jiwe kichwani mwangu nisilione, na yeye amelibeba miaka yote hiyo, Jumapili kwa Jumapili, akinipaka mafuta pale tu alipojua hataniumiza. Nikasikia kitu kikubwa kikinitoka kifuani, kikubwa kuliko kile alichoniondolea daktari.

Nikapandisha mkono wa sweta, nikachukua kiganja chake nikakiweka juu ya kiwiko changu. Kwanza alikaza vidole. Kisha akaanza kupapasa, polepole, akizunguka mfupa.

"Inauma?" akauliza.

Nikamwambia haiumi.