Nilitoa Neno la Siri, Wakanikalia Matanga Nikiwa Hai

Ndugu msomaji, sina wa kumlaumu. Mimi niliwahi kufa, watu wakanikalia matanga huko Ubelgiji, wakala na wali, na aliyesababisha kifo hicho ni mimi mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya vita. Bukavu yetu, mashariki mwa Kongo, ilikuwa mikononi mwa waasi, na simu za mkononi bado zilikuwa za matajiri. Mtaani kwetu Bagira, mtu pekee mwenye barua pepe alikuwa mimi, karani wa parokia. Kila Jumamosi nikienda mjini kwenye cyber, duka la kompyuta za kulipia, majirani walinipa salamu niwaandikie ndugu zao wa Ulaya. Wakaniita Papa Posta. Basi, kiburi! Nilitembea kama niliyeinunua barabara.

Lakini lililonipeleka zaidi ni macho ya maman. Mama yetu alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, alishaanza kumimina chai nje ya kikombe. Dada yangu, anayesafisha ofisi za watu Brussels, alikuwa akiweka akiba ya upasuaji. Akaniandikia kwamba imetimia, tungoje tu aitume.

Jumamosi iliyofuata nikakuta barua ya Kifaransa kizuri, ina hata nembo, ikisema sanduku langu la barua pepe limejaa na litafungwa siku hiyo hiyo nisipoandika jina langu na neno langu la siri. Jamani! Nikawaza macho ya maman, nikawaza salamu za mtaa mzima. Nikaandika vyote. Nikaongeza na asante.

Wiki iliyofuata sanduku likanikataa: neno la siri si lile. Nikajiambia ni mtandao, ni mvua, ni vita. Siku zile kila kitu tulikisingizia vita. Na majirani waliponiuliza habari, nikawaambia ndugu zao wa Ulaya wanawasalimu sana. Ndiyo, nilidanganya! Sikutaka kuvuliwa cheo.

Kumbe mwizi alishaingia kwangu na kuketi. Alisoma barua zangu zote, akajua habari za akiba, akajua hata jina la utani ninalomwitia dada. Akamwandikia akijifanya mpwa wetu: tonton, yaani mimi mjomba wake, amepigwa risasi njiani akitoka Luvungi, ofisi za kupokea pesa Bukavu zimefungwa, tuma za jeneza kwa padri wetu aliyekimbilia nchi fulani ya mbali. Nani angebisha? Watu walikuwa wakifa kweli katika njia ile.

Dada akaweka msiba. Watu wa Bukavu waishio kule wakajaa kwake, wakaimba, wakalia. Nasikia mama mmoja aliyeniona mara moja tu maishani alizirai. Kisha dada akatuma akiba yote.

Nilijuaje? Jirani yetu, muzee mmoja mwenye duka la vitenge, alikuwa na simu. Dada akaitafuta namba yake kwa siku kadhaa ili ampe pole mjane wangu. Muzee akaileta simu nikiwa nakula bugali. Nikasema, "Allo, dada." Simu ikakatwa. Ikalia tena.

"Kama uko weye kweli," akasema, "nani alivunjaka chungu ya maman, akasingizia paka?"

"Ni miye. Na ulijua, ukanyamaza."

Akalia, akacheka, akalia tena. Halafu akauliza taratibu:

"Sasa makuta ya macho ya maman, nilituma kwa jeneza ya nani?"

Pesa zote za upasuaji! Nililia mbele ya mke wangu na mbele ya muzee wa watu.

Nikaenda kwa maman, nikamweleza yote. Akanyoosha mkono, akanipapasa uso, masikio, kidevu, kama anayechagua viazi sokoni. Akauliza kama walinililia vizuri kule. Nikamwambia sana.

"Ni vizuri," akasema. "Kama dada yako angekatala kutuma makuta ya kukuzika, hapo njo ningekasirika."

Mtaa ukanibadilishia jina, nikawa Lazaro mpaka leo. Hilo nalivumilia. Lakini akiba ya pili ilichukua miaka, na ilipofika, daktari aliokoa jicho moja tu. Akasema lile la kushoto limengoja mno.

Wewe mwenye simu na kadi ya benki, nisikie! Hata posta ya zamani haikuniomba ufunguo wa nyumba ndipo iniletee barua. Anayekuomba neno la siri au namba za kadi, tena akikuharakisha eti leo leo, ni mwizi. Habari ya msiba ikija pamoja na mahali pa kutuma pesa, tafuta kwanza sauti ya mtu wako. Na ukiibiwa, sema siku hiyo hiyo. Mimi ningesema Jumamosi ile sanduku liliponikataa, dada asingetuma kitu; simu ya muzee ilikuwa pale pale jirani. Mwizi alianza kazi, aibu yangu ikaimaliza.

Siku hizi kanisani maman huniketisha kushoto kwake. Mtu akimsalimu kutoka upande huo, ananigusa bega na kumjibu, "Ongea na huyu. Huyu njo jicho yangu ya huku."