Udongo Mweupe Nyuma ya Kisu cha Niveleze

Nikiwa mtu mzima baba yangu alinipiga kofi mara moja tu, na alinipiga kwa sababu ya mashine. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, mwalimu wa darasa la tano, mama wa watoto wawili. Lilikuwa kofi la kweli, si la kutishia. Sikio liliimba. Mchunga ng'ombe aliyekuwa akitutazama akageuza uso, akajifanya anatafuta ndama. Siku iliyofuata baba alikuwa amekufa, na aliyemponza ni mimi. Nalisema hapa mwanzoni, maana najijua: nikiliacha mwisho nitalizungusha mpaka nilipoteze.

Mashine yenyewe ilikuwa niveleze, ile ya kusawazisha barabara, wengine huiita greda. Magurudumu sita, kisu kirefu cha chuma tumboni cha kuparua udongo, na injini iliyonizidi umri. Baba aliendesha moja ya namna hiyo zaidi ya miaka ishirini, akitoka Kamina kuelekea Kabondo-Dianda na kurudi, mpaka idara ya barabara ikafa na mashine zake zikaozea uani. Barabara nayo ikafa. Mvua zilichimba mifereji ya kumeza baiskeli. Katika mfereji mmojawapo mama yangu alikata roho, tumemfunga juu ya kinga, ile baiskeli yetu, baba anavuta mbele, mimi nasukuma nyuma, na hospitali bado mbali kabisa. Baada ya mazishi baba hakusema mengi. Alisema atatafuta mashine aifungue ile njia, basi.

Akaipata katikati ya vita, mtu huyo! Vita ya pili ya nchi yetu ilikuwa imeshafika upande wa Lualaba. Basoda, ndio askari wa serikali, walijaa Kamina, wengine wakipanda kwenda mbele, wengine wakirudi wamebebwa. Juu kule kwenye uwanda palikuwa na shamba la ng'ombe ambalo mwenyewe, mzungu mmoja, alikuwa amelikimbia. Alimwachia kapita wake, msimamizi wa shamba, niveleze kuukuu badala ya mishahara ya miezi yote. Kapita hakuwa na kazi na niveleze. Alitaka mabati. Baba akapanda juu ya nyumba yetu, akang'oa mabati yote, na siku ile ile akaanza kuezeka nyasi.

Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. "Tata, weye iko unanunua maiti! Bantu banakimbia vita, weye unanunua chuma!" Yeye akaendelea kufunga mabati kwa kamba, taratibu, fundo baada ya fundo. Baba alikuwa Mmethodisti wa sawasawa. Hanywi, hadanganyi, na akiona mwanamke ana hasira anatafuta kazi ya kufanya. Hilo la mwisho ndilo lililonichoma zaidi. Mtu unataka ugomvi, yeye anakupa mgongo.

Kwa hiyo nilikwenda naye kuichukua. Nilimwambia naenda kumcheka, lakini ukweli niliogopa aende peke yake.

Kabla hatujaondoka, shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliniita pembeni. Yeye ni Mkatoliki wa kijijini, misa asubuhi na mambo ya wazee jioni, havigombani ndani yake. Akanitia mkononi kifurushi cha jani la mgomba. Ndani palikuwa na pemba, ule udongo mweupe. Kwetu pemba ni furaha. Anapakwa mama aliyezaa mapacha, anapakwa aliyeshinda kesi, na mwindaji anapakaa bunduki mpya kabla haijaingia nyumbani. "Mashine ya mutu mwingine, munaileta kwenu kavukavu?" akaniuliza. "Upakaye na mukono yako. Baba yako usimwambie kitu." Nikacheka, nikafunga kile kifurushi kwenye ncha ya kikwembe, kitenge nilichojifunga.

Kule shambani baba alikaa siku mbili akiamsha ile mashine. Magurudumu mawili ya mbele hayakuwa na mipira ya ndani, basi tukayashindilia nyasi kavu kwa fimbo, mpaka yakasimama. Injini kubwa ilikuwa na injini ndogo ya petroli ya kuiamsha, na ile ndogo ilikataa, ikakataa, ikamrushia baba mpini kifuani akaanguka chali. Akainuka anatema damu na anacheka. Baba yangu! Sikuwa nimemwona akicheka tangu tumzike mama. Ilipowaka, ng'ombe walikimbia mpaka wakavunja uzio, moshi mweusi ukafunika banda zima, na mimi niliyekuja kumcheka mtu nikajikuta napiga vigelegele.

Furaha ndiyo iliyonifungua mdomo. Mimi nina mdomo, kila mtu Kamina anajua. Nikamwambia, "Sasa Tata, nina pemba hapa ya dada yako, tuipakaye basi, iingie Kamina imependeza." Nilikuwa natania nusu.

Ndipo kofi.

"Shetani hatapanda hii mashine!" alisema. Kisha akaenda mtoni kunawa grisi, bila kutazama nyuma. Na mimi nikabaki nimeshika shavu mbele ya wachunga ng'ombe. Nawaambia wazi, sikuwa na imani yoyote na ule udongo. Nilikuwa na hasira. Niliulowesha kwa mate, nikainama nyuma ya kisu cha niveleze, mahali ambapo dereva akikaa hapaoni, nikapiga chapa ya kiganja changu chote, vidole vitano. Haya, itaingia Kamina na pemba yake, upende usipende. Uliobaki nikautupa na jani lake ndani ya sanduku la vifaa chini ya kiti.

Tukashika njia asubuhi. Niveleze ilikwenda mwendo wa mbuzi aliyeshiba. Mimi nilitangulia na kinga, nimefunga nyuma bidon, dumu la mazuti, dizeli ya mashine, na kila baada ya kilima namngojea. Kwenye kituo cha kwanza alizima, akashuka, akasimama karibu nami akifuta mikono.

"Sikio inauma bado?"

"Inauma."

"Pole, mama," akasema. Baba kwetu akimpenda binti anamwita mama. Nikasema haidhuru. Ningeweza kumwambia hapo hapo. Nilifungua mdomo, haki ya Mungu, halafu nikafikiri atakasirika upya na tuna safari ndefu, nikanywa maji badala yake.

Jua lilikuwa la utosi tulipofikia barieri. Ilikuwa mti mmoja umelazwa juu ya mapipa mawili, mbele ya kijiji ambacho sikukijua, na basoda wanane au tisa. Baadaye nilisikia kwamba juzi yake wapiganaji wa porini walikuwa wamewavamia pale pale, wamejipaka dawa nyeupe, wakiimba kwamba risasi kwao ni maji, na walikuwa wameua basoda watatu. Makaburi yalikuwepo, udongo bado mbichi. Sisi hatukujua. Sisi tulikuja na kelele zetu na moshi wetu kama watu wa arusi.

Komanda wao alikuwa mfupi, macho mekundu ya kukosa usingizi, Kiswahili chake cha kuokoteza. Alitaka mazuti. Baba akashuka, akavua kofia, akajibu kila swali kwa adabu, akamwonyesha karatasi ya kapita. Ilikuwa inakwenda vizuri. Soda mmoja akawa anapekua sanduku la vifaa, akitafuta spana za kuchukua. Akatoka na jani la mgomba.

Akalifungua. Akalitupa chini kama ameshika nyoka, akaanza kupiga kelele kwa Kilingala.

Wote wakakoki bunduki. Komanda akatazama ule udongo mweupe, akamtazama baba. "Dawa hii ya nani?"

"Sijue," baba akasema. Na ilikuwa kweli, hakujua. Kitako cha bunduki kikampiga mdomoni. Nilisikia meno. Alianguka juu ya goti moja, wakampiga mgongoni, wakampiga mbavuni, mmoja akimkanyaga shingo kwa buti lisilo na kamba, na kila alipoulizwa alijibu lile lile, sijue, sijue, kwa sababu alikuwa mtu wa kusema kweli, mjinga huyo, baba yangu mjinga. Mimi nilikuwa nimesimama na kinga yangu hatua kumi kutoka pale. Vidole vyangu bado vilikuwa na weupe ndani ya kucha. Nikavikunja ndani ya kikwembe.

Halafu yule mpekuaji akainama nyuma ya kisu. Akaita wenzake. Wakamburuta baba mpaka pale, wakamshika nywele, wakamsogeza uso karibu na kile kiganja.

"Nani napakaa?"

Baba akakitazama kile kiganja kwa muda mrefu. Mkono wangu ni mdogo, kidole cha mwisho kimepinda tangu utotoni, mlango ulikibana. Yeye ndiye aliyekifunga kwa kijiti. Nikamwona anajua. Nikangoja ageuke anitazame. Hakugeuka, hata kwa jicho, hata kidogo.

"Ni miye," akasema.

Miguu yangu ikaanza kwenda kwake yenyewe. Komanda akanielekezea bastola. "Na huyu mwanamuke?"

"Simujue," baba akasema haraka, damu ikimtoka na maneno. "Nilimukuta mu njia na kinga yake. Aliniuzia mazuti tu. Ni muke wa bantu, mumuache aende kwake."

Mtu ambaye hakuwahi kudanganya hata mtoza kodi, sasa alidanganya mara mbili kwa pumzi moja, na alidanganya vizuri. Komanda akanijia karibu sana. Alinuka jasho na tumbaku. "Weye, unamujua?"

Nimelijibu swali hilo mara nyingi tangu siku hiyo. Jikoni nalijibu, darasani nalijibu nikiwapa watoto mgongo kuandika ubaoni. Najibu kwa sauti ya juu kwamba ndiyo, ni baba yangu, na kiganja kile ni changu, nyie mbwa. Lakini siku ile, na bastola mbele yangu, na watoto wangu wawili chini ya paa la nyasi kule Kamina, nilisema, "Hapana. Simujue."

Wakamlaza baba mikono yake juu ya kisu. Walitumia nyundo yetu wenyewe. Mkono wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, na yeye alilia kama mtu yeyote anavyolia, asije mtu akaniambia alivumilia kama shujaa. Komanda akasema sasa tuone kama risasi kweli ni maji. Wakasogea nyuma hatua chache. Wa kwanza alimpiga tumboni. Wengine wakafuata, wote pamoja, hata baada ya kulala chini, na walipomaliza na yeye wakaigeukia mashine, wakapiga vioo, wakapiga tangi, wakapiga magurudumu ya mbele. Nyasi zikamwagika barabarani. Mmoja wao akacheka.

Kisha komanda alichoka, kama mtu aliyemaliza kazi. Akaamuru watu wa kijiji watoke wazike, maana jua lilikuwa kali. Nami akanisukuma kwa bunduki kuelekea kwao: weye pia, saidia. Wakatoka wanawake sita na majembe. Waume zao walikuwa porini wamejificha. Tukachimba kando ya barabara, karibu na yale makaburi mengine, na soda mmoja akakaa juu ya bidon yangu kutulinda, bunduki mapajani, akila karanga.

Tukamteremsha. Nilimshika upande wa miguu. Bikizee mmoja, aliyekuwa amemfunga baba taya kwa kitambaa chake cha kichwa, akanigeukia mimi kwa kuwa ndimi niliyefika naye.

"Mama, jina yake nani? Tumulilie na nini?"

Kwetu maiti haliliwi bure. Anaitwa jina lake, na jina la baba yake, na mto aliokunywa maji yake akiwa mtoto, na anayeanza kuita ni binti. Kama hakuna anayeita, huyo amekufa kama mbuzi. Nilikuwa na yote hayo mdomoni, jina, baba yake, mto. Soda akaacha kutafuna, akanitazama.

"Simujue," nikasema.

Bikizee akanitazama usoni. Watu husema sura ya baba yangu imehamia kwangu nzima, hata paji la uso. Akautazama uso uliokuwa kaburini, akarudi kwangu, na hakuuliza tena. Akaweka mikono kichwani, akaanza yeye: "Tata! Tata ee! Tata wetu, unatuachia nani?" Wale wengine wakadakia, wakamwita baba, wakamwita mume, wakamwita kaka, wakajigaragaza mavumbini kama waliozaliwa naye. Wanawake wasiomjua walimlilia baba yangu mpaka kaburi likajaa. Mimi nilipiga magoti kati yao, nimefunga mdomo, nikisukuma udongo kwa mikono.